Modemu Yako Haijakataliwa na Linux, Imevaa Sura ya CD

Jumanne asubuhi mwalimu mmoja wa Kibosho aliingia ofisini kwangu, hapa Moshi, jirani na soko la Mbuyuni, kompyuta mpakato kaikumbatia kifuani.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, fundi. Nimekuja unipigie Windows."

"Hii Linux imekukosea nini?"

"Haisomi modemu. Dukani wameniambia Linux haina dreva za modemu."

Dreva ni programu inayouwezesha mfumo wa kompyuta, uwe Windows au Linux, kuzungumza na kifaa. Huyo alikuwa wa tatu mwezi huu, na maneno ni yaleyale, kana kwamba wote wameyasoma ukutani. Nimechoka nayo kwa sababu yanawatia watu hasara. Mtu analipa hela kupigiwa Windows kwenye kompyuta yenye RAM ya GB 2 isiyoweza kuibeba, mafaili yake ya mitihani yanafutwa bila kuulizwa, na mwisho anarudi na mashine inayochukua dakika kumi kuwaka.

Nilichomeka modemu yake, Huawei E173, nikafungua terminali, dirisha la kuandikia amri, na kuandika lsusb, amri inayoorodhesha vifaa vya USB. Ikatoka hivi:

Bus 002 Device 004: ID 12d1:1446 Huawei Technologies Co., Ltd.

Nikamgeuzia kioo asome mwenyewe. Namba 12d1 ni ya Huawei. Linux imeiona modemu na inajua hata aliyeitengeneza. Habari ya "haisomi" imeishia hapo. Iliyobaki ni ile 1446, na shida yote ya mwalimu imo ndani yake, kwa sababu 1446 ni namba ambayo modemu hizi huitoa zinapojitambulisha kama CD.

Ndiyo, CD. Modemu hizi za kuchomeka zilitengenezwa kwa kumfikiria mtu wa Windows asiyetaka kuhangaika na diski ya dreva. Watengenezaji wakaiweka programu ya kusimika ndani ya modemu yenyewe, kisha wakaifanya modemu ijitambulishe kwanza kama kisomeo cha CD. Windows inaona CD imeingia, inaendesha programu, dreva zinakaa, halafu dreva hizo ndizo zinazoiambia modemu: sasa geuka. Modemu inajikata, inarudi na namba nyingine, na safari hii ni modemu kweli. Mtindo huo unaitwa ZeroCD.

Linux inapoletewa CD, inaifungua kama CD. Ukienda kwenye kidirisha cha mafaili utaikuta hapo, na mafaili ya .exe ndani yake. Mfumo umefanya sawasawa na ulivyoambiwa na kifaa. Anayekosekana ni wa kusema "geuka", na kazi hiyo inafanywa na programu ndogo inayoitwa usb_modeswitch, iliyoandikwa na Josua Dietze. Kwa modemu nyingi za Huawei za kizazi hiki, ujumbe wenyewe una baiti 31 tu. Unaanza na 55 53 42 43, ambazo ukizisoma kama herufi ni U, S, B, C. Baiti thelathini na moja ndizo zilizotaka kumfutia mwalimu mitihani ya kidato cha pili.

Kompyuta yake ilikuwa na Debian, aina mojawapo ya Linux, iliyosimikwa kwa uchache, bila vifurushi vya nyongeza, na usb-modeswitch haikuwemo. Hapa ndipo watu wengi wanapokwama. Kifurushi kiko kwenye intaneti, na intaneti ndiyo unayoitafuta. Chukua simu, iunganishe kwa waya wa USB, washa kugawana intaneti, na Linux itaiona simu kama kadi ya mtandao papo hapo. Shusha usb-modeswitch na usb-modeswitch-data, vyote viwili, maana cha pili ndicho chenye orodha ya modemu na ujumbe wa kila moja. Mimi ninatembea navyo kwenye flashi.

Baada ya kusimika nikaichomoa modemu, nikairudisha, na dmesg, amri inayoonyesha kumbukumbu za mfumo, ikaonyesha hivi:

usb 2-1: USB disconnect, device number 5
option 2-1:1.0: GSM modem (1-port) converter detected
usb 2-1: GSM modem (1-port) converter now attached to ttyUSB0

Lsusb sasa inasema 12d1:1436. Angalia neno option mwanzoni mwa mstari wa pili. Hilo ni jina la dreva. Dreva ambayo dukani walisema haipo imo ndani ya keneli, kiini cha Linux, kwa miaka mingi, na hakuna nilichoshusha kuihusu. Jina lenyewe limetokana na kampuni ya Ubelgiji iliyokuwa ikitengeneza kadi za aina hii.

Sasa niseme jambo moja kwa haki. Uvumi huu una babu, na babu yake alikuwa mkweli. Enzi za kupiga simu kwa waya wa TTCL, za modemu za kilobiti 56, kompyuta nyingi zilikuja na modemu ya ndani, kadi ya PCI ya bei nafuu. Kadi hizo zilikuwa nusu modemu. Kazi ya kugeuza data kuwa sauti na sauti kuwa data ilisukumiwa kwa prosesa ya kompyuta, ikifanywa na dreva ya Windows ambayo siri zake watengenezaji hawakuzitoa. Ziliitwa winmodem, na kwenye Linux zilikuwa mateso: unatafuta aina ya chipu, unapata dreva ya keneli ya mwaka juzi, unakompaili, inagoma. Aliyesema miaka ile kwamba Linux na modemu haziivi alikuwa na kidonda cha kweli.

Lakini hata wakati huo ilikuwepo modemu ya nje, ile ya boksi lenye taa, inayounganishwa kwa poti ya siriali. Hiyo ilikubali Linux bila dreva yoyote ya pekee, kwa sababu ilikuwa modemu kamili. Unaiandikia herufi, nayo inajibu kwa herufi. Lugha yake ilianza na Smartmodem ya kampuni ya Hayes mwaka 1981: kila amri inaanza na AT, yaani "sikiliza". ATZ, jisafishe. ATD na namba, piga.

Na hiki ndicho ninachotaka kila fundi wa Moshi na Arusha akishike. E173 ya mwalimu ni mjukuu wa lile boksi la nje. Haina undugu na winmodem. Ukishaitoa sura ya CD, inakupa poti za siriali, unaiandikia AT, inajibu OK. Hata kuunganisha intaneti bado inapiga simu: ATD*99#, kisha PPP, itifaki ya kupitisha intaneti kwenye laini ya simu, inashika, kama enzi za waya. Aina iliyokuwa rafiki wa Linux tangu mwanzo ndiyo mnayoifukuza leo.

Mengine ni mepesi. Kwenye NetworkManager, programu ya Linux ya kusimamia miunganisho, chagua muunganisho mpya wa simu, andika APN ya mtandao wako, yaani jina la lango lake la intaneti, maliza. Laini iwe imeondolewa namba ya siri (PIN), iwe imesajiliwa, iwe na bando. Ukipenda wvdial, programu ya kupiga simu ya intaneti kwa amri, weka Stupid Mode = yes, na usiache sehemu ya jina na nywila wazi hata kama mtandao hauzihitaji, kwa sababu wvdial itagoma; andika neno lolote. Jiongeze kwenye kundi la dialout, la watumiaji wenye ruhusa ya kutumia poti hizo. Ikikuambia poti ina shughuli, ModemManager, programu ya Linux inayosimamia modemu, ndiyo imeishikilia. Isimamishe kwanza, usiendeshe viwili kwa pamoja.

Kuna modemu nyingine, kama E3372 za HiLink, ambazo ukizigeuza huoni ttyUSB, yaani poti ya siriali, hata moja. Usihangaike kuitafuta. Hizo zinajitokeza kama kadi ya mtandao, zinapiga zenyewe ndani kwa ndani, na mipangilio yake unaifungua kwenye kivinjari, mara nyingi kwa 192.168.8.1.

Kuna mahali ambapo mimi mwenyewe nasitasita. Modemu nyingi za Huawei zinakubali amri AT^U2DIAG=0, inayozima ile CD moja kwa moja. Ukiitoa, modemu inaamka ikiwa modemu kila siku, hata bila usb_modeswitch. Vitabu vya maelekezo vinaisifia. Niliwahi kumfanyia dada mmoja mwenye duka la steshenari, akafurahi. Mwezi uliofuata akaichomeka kwenye Windows ya mdogo wake, programu haikujitokeza, akaniona nimemharibia kifaa, na kwa upande wake alikuwa na haki. Tangu siku ile nauliza kwanza modemu inatumika kwenye mashine ngapi, na bado kila mara mkono unakuwa mzito. Jambo jingine ni kompyuta inayolala. Ikiamka, modemu inaweza kuwa imepotea. Kuanzisha upya ModemManager mara kunaponya, mara hakuponyi, na dawa ninayoiamini ni kuichomoa na kuirudisha kwa mkono.

Halafu kuna umeme na mawimbi, ambavyo vinasingiziwa dreva kila siku. Ukiona dmesg imejaa "USB disconnect" kila baada ya dakika chache, acha kusimika programu. Poti ya USB 2.0 imepangiwa miliampea 500, na modemu hunywa zaidi pale inapohangaika na mawimbi hafifu. Kompyuta ya zamani yenye poti zilizolegea haiwezi. Badili poti, toa vile vigawanyio vya poti visivyo na umeme wake, kisha ndipo uilaumu Linux kama bado una sababu.

Mawimbi yanapimwa. Andika AT+CSQ kwenye poti ya amri, itakujibu namba kati ya 0 na 31. 99 maana yake haijui. Zidisha kwa mbili, toa 113, unapata dBm, kipimo cha nguvu ya mawimbi. Huku kwetu, mtu anayeishi kwenye miteremko ya Kilimanjaro, nyumba imekaa bondeni katikati ya migomba, hawezi kupata sawa na aliye barabarani, na mtu wa Arusha aliyefunikwa na mgongo wa Meru anayajua hayo. Taa nayo inasema: kwenye E173 kijani kisichopepesa ni 2G, bluu ni 3G.

Hapa ofisini mwalimu alipata bluu na CSQ ya 21. Nilimfundisha amri ile moja, akaiandika nyuma ya daftari la mahudhurio, nikamwambia apime kila chumba. Mitihani yake ikabaki ilipokuwa.

Jumamosi jioni akanitumia meseji: "Fundi, sebuleni 5. Chumbani 7. Dirisha la jikoni 16." Dirisha lile linatazama mjini. Nimemkatia waya wa USB wa mita moja na nusu, mnene, usiopoteza umeme njiani. Anaufuata Jumatatu.