Smuthi ya Matunda Nyumbani: Weka Chujio Pembeni

Wazazi wengi tunaowapa ushauri wa lishe hutuambia watoto wao wanakunywa juisi ya matunda kila siku. Ukiuliza inavyotengenezwa, jibu ni lilelile: tunda linasagwa, linachujwa, linaongezwa maji na sukari. Makapi yanayotupwa ndiyo yenye nyuzinyuzi, zinazolainisha choo na kufanya sukari ya tunda iingie kwenye damu polepole. Smuthi, yaani tunda lililosagwa bila kuchujwa, inapaswa kunywewa nzima, pamoja na unene wake.

Tunda likiwa limeiva sawasawa, sukari haihitajiki kabisa. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ni bora zaidi ikiwa chini ya asilimia 5, yaani takriban gramu 25 au vijiko sita vya chai kwa mtu mzima. Asali nayo imo kwenye hesabu hiyo. Ukitia vijiko vitatu kwenye glasi moja, umemaliza nusu yake kabla hata hujanywa chai.

Kwa glasi mbili, chukua ndizi mbivu moja, kikombe kimoja cha embe lililokatwakatwa, robo ya parachichi na kikombe cha mtindi usio na sukari au maji yaliyochemshwa yakapoa. Ongeza kijiko cha chakula cha unga wa ubuyu. Namaanisha ule mweupe mkavu, si ubuyu wa rangi uliopikwa na sukari. Mafuta ya parachichi yanausaidia mwili kufyonza vitamini A inayotokana na embe. Ukipenda baridi, kata ndizi vipande uzigandishe mapema, smuthi itakuwa nzito bila barafu.

Papai na nanasi visage kwa maji. Vina vimeng'enya vinavyovunja protini ya maziwa, na smuthi ikikaa kidogo tu huwa chungu. Pasheni ndiyo pekee ninayoiruhusu ipite kwenye chujio, kwa sababu mbegu zake zikisagwa huacha chengachenga. Ukitaka karanga, chambua kwanza na utupe zilizosinyaa au zenye ukungu, kwani sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu huo, haiondoki kwa kukaanga wala kusaga.

Usafi usiupuuze. Osha tunda kwa maji safi yanayotiririka kabla ya kumenya, maana kisu hubeba uchafu wa ganda hadi ndani. Maziwa yawe yamechemshwa, na barafu itokane na maji salama. Blenda ifunguliwe hadi kwenye kisu na mpira wa chini, mabaki hujificha hapo. Smuthi inywewe ikishasagwa. Ikibaki, iingie kwenye friji na isizidi siku moja.

Mwenye kisukari anafaa zaidi kutafuna tunda zima, na akinywa smuthi iwe glasi ndogo. Mgonjwa wa figo aliyeambiwa apunguze potasiamu aongee na daktari wake kwanza, kwa kuwa ndizi na parachichi vina potasiamu nyingi. Mtoto wa chini ya miezi sita anahitaji maziwa ya mama pekee, na asali asipewe hadi atimize mwaka mmoja. Akishaanza kula, mpondee ndizi au papai umlishe kwa kijiko.