Uvimbe wa ngozi: majina matatu, ukoo mmoja

"Jina tofauti, ugonjwa tofauti."

Hata madaktari waliamini hivyo. Mwaka 1924 madaktari Darier na Ferrand walieleza uvimbe mgumu wa ngozi unaokua taratibu, ambao leo unaitwa DFSP (dematofibrosakoma protuberansi, jina refu kuliko uvimbe wenyewe). Mwaka 1957 daktari Bednar akaeleza mwingine, wenye weusi ndani, akaunasibisha na mishipa ya fahamu. Mwaka 1982 ukaelezwa wa tatu, wenye seli kubwa za viini vingi, unaowapata zaidi watoto. Ukiziangalia seli zao kwa hadubini, hasa za huo wa tatu, huwezi kudhani ni ndugu.

Kromosomu, nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli, ndizo zilizofichua siri. Katika aina zote tatu, kipande cha kromosomu ya 17 kimeungana na kipande cha ile ya 22. Jeni ya kolajeni (protini inayoipa ngozi uimara), ambayo kwenye ngozi iko kazini muda wote, imeshikana na jeni ya PDGFB, inayotoa kichocheo cha ukuaji. Ni kama mtu kajiunganishia umeme bila swichi: taa inawaka usiku na mchana. Na kuna ushahidi mwingine wa undugu huo: ule wa utotoni ukikatwa, wakati mwingine hurudi miaka mingi baadaye ukiwa na sura ya DFSP.

"Basi seli mama, ile uvimbe ulikoanzia, imeshajulikana."

Hapana. Kilichothibitishwa ni undugu; mzazi bado anabishaniwa. Wapo wanaotaja fibroblasti, seli zinazofuma kolajeni. Wengine wanataja seli changa zisizokomaa. Weusi alioukuta Bednar ni wa seli zenye melanini (rangi nyeusi ya ngozi) zilizotawanyika humo, haufanyi uvimbe huo kuwa ukoo mwingine.

"Hiyo ni keloidi tu."

Hili ndilo linalonitia wasiwasi, kwa kuwa takwimu za Marekani zinaonyesha DFSP huwapata zaidi watu weusi, na mwanzoni huweza kufanana na keloidi, yaani kovu lililovimba. Kinundu kigumu kinachoendelea kukua, hasa pasipowahi kuwa na jeraha, kikatwe kipande kipimwe maabara.

"Ukikatwa, umekwisha."

Si lazima. Uvimbe huu hutambaa chini ya ngozi kama mizizi ya ukoka, kwa hiyo ukikatwa kwa kubania hurudi palepale, ingawa ni nadra kusambaa hadi mapafuni. Kwa wasioweza kufanyiwa upasuaji, Marekani iliidhinisha imatinibu mwaka 2006. Ni dawa iliyoanzia kwenye saratani ya damu, na hapa inafanya kazi kwa kuziba kipokezi cha kichocheo kilekile cha PDGFB.