Kozi ya uchumi ianzie kwenye kopo la unga

Kila mwezi wa tisa, shule za Lubumbashi, huku kusini mwa Congo, zikifunguliwa, wanafunzi wa komersiale (mchepuo wa biashara) huandika sentensi ile ile kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari: maana ya sayansi ya uchumi, yaani namna watu wanavyogawa vitu vichache kwa mahitaji mengi. Mwalimu anaisoma polepole kwa Kifaransa, wao wananakili, kengele inalia. Mimi pia niliandikishwa sentensi hiyo, nikaikariri, nikapata kumi juu ya kumi. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni nilipotambua kwamba ilikuwa inamzungumzia mama yangu, ambaye kila asubuhi aligawa pesa ya mboga, ya makala (mkaa) na ya shule, na haikutosha hata siku moja.

Leo nafundisha uchumi hapa mjini, na kila mwaka tunapokea vijana waliopitia kozi hiyo. Ule ufafanuzi wanao kichwani. Lakini waulize kwa nini mfuko wa unga huwa ghali mwezi wa pili kuliko mwezi wa sita, watakutazama kana kwamba umetoka nje ya somo. Ndiyo maana nina ombi kwa walimu, na kwa wazazi wenye mtoto anayeanza somo hili mwaka huu: ule ukurasa wa kwanza uacheni mtupu kwa wiki chache. Chukueni bei moja tu, bei ya unga wa mahindi, muifuate mpaka muone inakotoka.

Nimechagua unga kwa sababu hakuna mtoto wa hapa asiyekula bukari (ugali), na pia kwa sababu kalenda ya mahindi inalingana na ya shule kana kwamba kuna mtu aliyezipanga pamoja. Mahindi hupandwa mvua zinapokolea, karibu na mwezi wa kumi na moja, na kuvunwa mwezi wa nne na wa tano. Shule zinafunguliwa wakati ghala zimeanza kupungua. Mwanafunzi anayeandika bei kila Jumamosi tangu mwezi wa tisa atafika mwezi wa pili akiwa na mstari wake mwenyewe wa bei inayopanda kadiri unga unavyopungua, na hakuna aliyemchorea ubaoni.

Vifaa ni daftari, kalamu na, ikiwezekana, mizani. Mizani nitaieleza. Mwaka mmoja nilimtuma mwanafunzi soko la Kenya (komini, yaani mtaa wa mji wetu, si nchi) aniletee bei ya kopo moja kila wiki. Wiki ya tano aliniambia: bei haijabadilika, mwalimu. Nikamwuliza kama kopo lenyewe aliligeuza akaliangalia chini. Alirudi sokoni. Mama muuzaji alikuwa akijaza unga, anapitisha kiganja juu kuusawazisha, unga wa ziada unamwagika kwenye beseni, kila kitu kama kawaida. Kopo lilipogeuzwa, kitako chake kilikuwa kimegongwa kikaingia ndani kama vidole viwili. Bei ilikuwa ile ile. Unga ndio uliopungua. Somo la mfumuko wa bei mwanafunzi yule alilipata pale, kabla hajaliona kitabuni. Simhukumu yule mama. Mfuko wake naye alikuwa ameununua ghali, na wateja wake hawataki kusikia bei mpya.

Kwa hiyo andikeni bei ya kilo, msiandike bei ya kopo.

Hesabu inayohitajika mwanzoni ni ndogo, ila wengi hujikwaa pale pale. Tuseme mfuko umepanda kutoka faranga 30,000 mpaka 36,000. Umepanda kwa asilimia 20. Ukirudi 30,000, umeshuka kwa asilimia ngapi? Darasa zima litajibu 20. Si kweli, ni karibu 17, kwa sababu sasa tunahesabia 36,000. Mwalimu asivuke hapo mpaka kila mmoja ameelewa, hata kama itakula saa nzima. Mtoto asiyeelewa asilimia atapotea kwenye kila sura inayofuata, na hatasema.

Halafu kuna jambo la lugha, ambalo nadhani linaumiza kozi hii kuliko hesabu. Tunafundisha kwa Kifaransa watoto ambao bei wanazijua kwa Kiswahili. Mwalimu anaandika ubaoni «offre» na «demande». Kwa kijana wa leo, «offre» ni ile ya kampuni za simu, megabaiti za bei nafuu. «Demande» ni barua ya kuomba kazi. Anatazama ile mistari miwili inayopishana kwenye mchoro wa bei, akili yake ikiwa kwenye simu na kwenye barua. Mwambieni kwanza kwa lugha ya nyumbani: «offre», yaani ugavi, ni kiasi ambacho wauzaji wako tayari kuuza kwa bei fulani. Lakini na hapo kuna mtego. Tukitafsiri «demande» kuwa mahitaji, mtoto anafikiri njaa. Mtu mwenye njaa asiye na faranga mfukoni hana «demande» yoyote machoni pa soko. Soko linahesabu hamu inayoandamana na pesa. Wanafunzi husikia uchungu wakielezwa hivyo, na ni vizuri wausikie mapema, maana mabishano mengi ya uchumi yanaanzia hapo hapo.

Sasa ufuateni mfuko nyuma. Sehemu kubwa ya unga na mahindi ya Lubumbashi huingia kwa Kasumbalesa, mpaka wa Zambia, chini ya kilomita 100 kutoka hapa. Mwaka 2024 Zambia ilipigwa na ukame mkali: mwishoni mwa mwezi wa pili rais Hakainde Hichilema alitangaza janga la taifa, na karibu hekta milioni 1 za mahindi, katika milioni 2.2 zilizopandwa, zilikuwa zimeharibika. Mvua ilikosekana upande wa pili wa mpaka, na bukari ikawa ghali hapa mjini, mtaa wa Katuba. Mwanafunzi atauliza mara moja, na lazima aulize: kwa nini sisi wenye ardhi na mvua tunangojea lori? Msimpe jibu moja. Kuna barabara za kutoka mashambani, kuna bei ya mbolea, kuna mikopo. Na kuna kijana wa kijijini anayelinganisha jembe na chepe la machimbo: akienda kulima, anapoteza ile pesa ambayo angeipata shimoni wiki hii hii. Kile anachokiacha ndicho vitabu vinakiita gharama mbadala, na ndicho kitovu cha somo lote.

Babu na bibi wa nyumbani nao waulizwe. Kwa miaka mingi familia za wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya machimbo ya shaba, na baadaye Gécamines baada ya kampuni kutaifishwa mwaka 1967, zilipokea posho: unga ulitoka kwa kampuni, bila kwenda kuulizia bei. Unga uligawiwa, na familia haikusimama sokoni kuchagua. Gécamines ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba mwaka 1986. Kufikia 1994 zilikuwa chini ya 50,000. Posho ikaanza kuchelewa, kisha ikakatika, na wanawake wengi wa mji huu wakaingia sokoni kuuza na kununua. Mzee anayesimulia miaka ile anamfundisha mjukuu wake kwamba soko ni njia moja tu ya kugawa vitu, kwamba ziko nyingine, na kwamba kila moja ina siku yake ya kuanguka.

Hapo ndipo ningeleta kobalti, madini ya kutengenezea betri, mapema kuliko wanavyofanya wengi, kwa sababu inageuza unga kichwa chini miguu juu. Congo inachimba zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia. Bei ilipoanguka vibaya, serikali ilisimamisha usafirishaji tarehe 22 mwezi wa pili 2025, na tangu tarehe 16 mwezi wa kumi ikaweka mgawo, yaani kikomo cha kiasi kinachoruhusiwa kutoka: tani 96,600 kwa mwaka 2026, na kiasi hicho hicho kwa 2027. Kabla ya mwaka kwisha, bei ilikuwa imepanda zaidi ya mara mbili. Kwenye unga serikali inahangaika ugavi uongezeke ili bei ishuke. Kwenye kobalti inabana ugavi ili bei ipande. Mchoro ni ule ule. Kisha uliza darasa nini kitatokea tukiibana mno. Viwanda vya betri tayari vinatengeneza aina isiyotumia kobalti kabisa, wakati mama wa mtaa wa Ruashi anayepika bukari hana njia nyingi za kuukwepa unga, labda kuuchanganya na wa muhogo. Na kuna ugumu mwingine ambao wanafunzi werevu huufurahia: hapa kwetu kobalti nyingi hutoka pamoja na shaba. Mgodi hauachi kuchimba shaba kwa sababu kobalti imezuiwa kutoka, hivyo kobalti inarundikana ghalani, na kila mnunuzi anajua kwamba ipo.

Kuhusu pesa yenyewe, mwezi wa kwanza inatosha kumwonyesha mtoto kwamba anaishi na sarafu mbili, faranga na dola. Waliotutangulia Katanga walitumia misalaba ya shaba kama fedha. Faranga yetu ya leo ilizaliwa tarehe 30 mwezi wa sita 1998, baada ya zaire mpya, sarafu iliyoitangulia, kufa kwa mfumuko wa bei. Mwaka 2025 ulipokuwa ukielekea mwisho, dola iliyokuwa ikibadilishwa kwa zaidi ya faranga 2,800 ilishuka ghafla chini ya 2,500, na watu walinung'unika kwamba bei za faranga sokoni hazikushuka nayo. Katika daftari wekeni safu ya kiwango cha dola kando ya safu ya bei ya kilo. Msieleze chochote. Safu hizo mbili zikae pamoja miezi kadhaa kwanza.

Mwezi wa tano, mahindi mapya yakishaingia, rudini soko lile lile na mizani ile ile. Bei ya mfuko itakuwa imelegea. Geuzeni kopo mwone kama kitako kimenyooshwa. Mara zote nilizokwenda na darasa, kilikuwa bado kimeingia ndani, na swali la kwanza la mtihani wangu huwa ni hilo: kwa nini?