Ini lenye minyoo: maambukizi hutoka wapi?
Wengi huamini kuwa anayekula ini la ng'ombe lenye minyoo bapa wa ini (Fasciola hepatica) huambukizwa minyoo hao. Hofu hiyo inaeleweka, lakini mnyoo mzima akipikwa hufa. Hatari iko kwenye maji: lava (minyoo wachanga) hutoka kwa konokono, hujifunika ganda kwenye majani ya majini, nasi huwameza kwa mboga mbichi au maji yasiyochemshwa.

Usomaji wa jenomu (seti nzima ya jeni) ya Fasciola hepatica umeonyesha kuwa mnyoo huyo anaweza kubeba bakteria, Neorickettsia. Ajabu kweli!

Choo kikikutwa na mayai ya minyoo hao, usiogope mapema. Huenda yametoka kwenye ini ulilokula. Acha ini siku kadhaa, kisha upimwe tena. Yakiendelea kuonekana, mwone daktari.