Baridi yabisi haitoki kwenye baridi ya Njombe

Ikifika mwezi wa sita huku kwetu mnajua wenyewe, Uyole asubuhi hutaki kutoka kitandani, Makete ndo usiseme, na hapo ndo unamkuta mama vidole vimevimba hawezi kukunja ngumi wala kumenya viazi, ukimuuliza anakwambia ni baridi daktari. Simlaumu, jina lenyewe la ugonjwa limeshamdanganya. Baridi inaweza kukufanya usikie maumivu zaidi, ila ugonjwa wenyewe ni kinga ya mwili wako imekugeukia, inatengeneza antibodi za kushambulia mwili badala ya vijidudu. Alafu linakuja lile swali la kila siku, mbona bibi alikuwa hivi, mama hivi, sasa ni ukoo wetu au kuna mtu katutupia kitu?

Kutupiwa hapana. Ukoo ndio, ila sio vile watu wanavyofikiria.

Wanaonunua maharage wanalijua bambo, kile chuma unachoma kwenye gunia unachomoa sampuli. Sasa seli zako nazo kila saa zinachomoa vipande vya protini na kuvionyesha kwa seli T, walinzi wa kinga ya mwili, zikague, huyu mwenyeji au mgeni, na kifaa kinachoshika hicho kipande kinatengenezwa na jeni za HLA, ziko kwenye kromosomu namba 6. Kila mtu karithi bambo za kwake, nusu kwa baba nusu kwa mama, na nyingine mdomo wake umekaa namna ambayo zinashika punje za mwilini mwako mwenyewe na kuzionyesha vizuri kupita kiasi, seli T inashtuka, inamwamsha seli B, na seli B ndo kiwanda cha antibodi.

Kwenye baridi yabisi jeni inayosumbua ni HLA-DRB1, sio zote, ni matoleo fulani yenye kipande kinachofanana, hilo lilielezwa mwaka 1987. Matoleo hayo yanashika vizuri protini zilizogeuzwa kidogo, mabadiliko ambayo sigara inayaongeza kwenye mapafu, ndo maana mvutaji mwenye jeni hizo hatari yake ya kuwa na zile antibodi tunazopima kwa kipimo cha anti-CCP ni kubwa kuliko mwenye kimoja tu, sigara au jeni. Matoleo hayo ya HLA-DRB1 Afrika ni adimu kuliko Ulaya, na jeni nyingine maarufu ya PTPN22, lile toleo lake la hatari linalosemwa sana kwa Wazungu, kwa Waafrika karibu halipo kabisa. Kwaiyo ukiona mtu anakuuzia kipimo cha jeni kilichotengenezwa kwa data za Ulaya, mie ningekaa na hela yangu.

Lupasi, ugonjwa mwingine ambao kinga inaushambulia mwili wenyewe, ni hadithi nyingine kidogo. Wagonjwa 9 kati ya 10 ni wanawake, na sehemu ya sababu iko kwenye kromosomu X, maana hapo inakaa jeni ya TLR7 inayonusa virusi. Mwanamke ana X mbili, ya pili inatakiwa izimwe lakini TLR7 kwenye baadhi ya seli haizimiki vizuri. Hata wanaume waliozaliwa na XXY, yani X mbili na Y moja, hatari yao ya lupasi iko juu kuliko wanaume wengine, na mwaka 2022 ilitangazwa habari ya binti wa Hispania ambaye kosa moja tu kwenye TLR7 lilitosha kumletea ugonjwa. Hao wa kosa moja ni wachache sana lakini, wengi wamebeba vitu vidogo vidogo vingi.

Kinachonivutia zaidi ni jeni ya FCGR2B. Hii ni breki ya seli B. Fikiria lori linashuka Kitonga breki zimelegea, ndo toleo moja la jeni hii lilivyo, na limehusishwa na lupasi. Sasa kwanini halijapotea duniani? Utafiti wa mwaka 2010 uliohusisha watoto wa Kenya ulionyesha wenye nakala mbili za toleo hilo walikingwa dhidi ya malaria kali. Watu wa Kyela mtanielewa haraka, breki ile ile mbovu inaweza kuwa ndo iliyomvusha babu yako.

Ila kurithi jeni sio kurithi ugonjwa, mapacha wa kufanana kabisa mmoja akiwa na lupasi mwenzake mara nyingi hapati. Na antibodi zenyewe zinatangulia mbali, wanajeshi 130 wa Marekani waliokuja kuugua lupasi damu yao ya zamani ilipopimwa, 115 walikuwa nazo tayari kabla ya kugundulika, wengine miaka mingi. Lakini pia kipimo cha ANA, kile cha damu kinachotafuta antibodi zinazoshambulia kiini cha seli za mwili, kinaweza kusoma chanya kidogo kwa mtu mzima wa afya kabisa, yani ANA peke yake sio lupasi, naomba hapa mnisikie maana watu wanalia kwenye benchi kwa karatasi tu.

Kama viungo vinakakamaa asubuhi zaidi ya saa nzima kwa wiki sita, au uso unatoka vipele mashavuni ukipigwa na jua, au mkojo una povu, njoo tupime. Dada yake mgonjwa anayejisikia mzima hatumtoi damu, tunamwandikia dalili za kuangalia, kama anavuta tunamwambia aache sigara, tunamrudisha nyumbani.