Mjava akivuka Mlango-Bahari wa Malaka

Wajava na Wamalay ni kabila moja au mawili? Ukiuliza Yogyakarta, katika kisiwa cha Java nchini Indonesia, utajibiwa kuwa ni mawili, na aliyekujibu atashangaa kwa nini umeuliza. Ukiuliza Batu Pahat, katika jimbo la Johor nchini Malaysia, mtu anayeongea Kijava na mama yake jikoni anaweza kukwambia bila kusita kuwa yeye ni Mmalay, na katiba ya nchi yake inamuunga mkono. Wote wawili wamesema kweli. Jina "Mjava" na jina "Mmalay" hayapimwi kwa kipimo kimoja, na asiyejua hilo atavurugikiwa tangu ukurasa wa kwanza.

Kabla ya yote, tutenganishe Mmalay na Mmalaysia, maana habari zetu za Kiswahili huyachanganya kila siku. Mmalaysia ni raia wa Malaysia, awe Mchina wa Penang, Mtamil wa Klang au Mdayak wa Sarawak. Mmalay ni mtu wa jamii ya Kimalay, na Wamalay wako pia kusini mwa Thailand, Singapore, Brunei na Indonesia. Huko Indonesia wao ni kabila moja kati ya mamia. Katika sensa ya 2010 Wajava walikuwa takriban milioni 95, yaani asilimia 40 hivi ya wananchi wote, na Wamalay hawakufika asilimia 4, wengi wao wakiwa mashariki mwa Sumatra, Visiwa vya Riau na pwani ya Kalimantan. Huyo mdogo wa Indonesia ndiye mkubwa wa Malaysia, na ndiye anayemmeza Mjava.

Anammezaje? Soma Kifungu cha 160 cha Katiba ya Malaysia. Mmalay ni mtu anayefuata dini ya Uislamu, aliyezoea kuzungumza Kimalay na anayeshika desturi za Kimalay. Juu ya hayo lipo sharti la mahali: awe alizaliwa Malaya, kama nchi ilivyoitwa kabla ya kuwa Malaysia, au Singapore kabla ya siku ya uhuru, 31 Agosti 1957, au mzazi wake mmoja awe alizaliwa huko, au siku hiyo awe ana makazi yake huko, na watoto wa watu hao nao wanahesabiwa. Kabila la babu halikuulizwa popote.

Tuipime sheria hiyo kwa mfano. Chukua ndugu wawili wa tumbo moja kutoka Ponorogo, Java Mashariki. Mkubwa alivuka bahari 1935 akaenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mpira ya Johor, akaoa, akajenga, na uhuru ukamkuta yuko kwake. Ni Mwislamu, Kimalay anakizungumza sokoni na msikitini, na harusi zake anazifanya kama jirani zake. Huyo ni Mmalay, na wajukuu zake ni Wamalay. Mdogo akavuka 1975, dini ileile, lugha karibu ileile, sura ileile. Huyo ni mgeni kutoka Indonesia. Kilichowatenganisha ni tarehe. Upande mwingine, mtu aliyezaliwa na Wamalay watupu akiacha Uislamu hatimizi tena masharti, hata ukoo wake ukiwa umekaa Johor miaka 300.

Watu hushikilia jina hili kwa sababu lina uzito. Kifungu cha 153 kinawapa Wamalay, pamoja na wenyeji wa Sabah na Sarawak, nafasi maalumu katika utumishi wa umma, ufadhili wa masomo na baadhi ya leseni. Zahid Hamidi wa Bagan Datuk, Perak, aliyefika ngazi ya naibu waziri mkuu, ana asili ya Java, na hilo halikumzuia kuongoza UMNO, chama kilichoundwa kwa jina la Wamalay.

Kuna tofauti moja ya maneno ambayo wengi huipita haraka, nami naiona ndiyo kiini. Mwaka 1913 Waingereza walitunga sheria ya kutenga ardhi ya Wamalay katika majimbo yaliyokuwa chini ya shirikisho lao. Sheria ile ilimtambua mtu wa jamii yoyote ya Kimalay, Mwislamu, anayezungumza Kimalay "au lugha yoyote" ya jamii hizo. Mjava asiyejua neno la Kimalay aliweza kupita hapo. Kwenye katiba ya 1957 maneno "au lugha yoyote" hayamo tena: lugha ni Kimalay. Kwa maoni yangu, anayetaka kuelewa kwa nini wajukuu wa Kijava wa Selangor na Johor wanaielewa lugha ya bibi lakini wanamjibu kwa Kimalay, aanzie hapo, kisha aongeze shule na televisheni.

Kwani lugha hizi ziko karibu kiasi gani? Ni za ukoo mmoja mkubwa wa Kiaustronesia, ila si lahaja mbili za lugha moja. Mbingu ni langit kwa wote, jicho ni mata kwa wote, na tano ni lima kwa wote. Nyumba ni rumah kwa Mmalay, omah kwa Mjava. Lakini hesabu kidogo tu: Mmalay atasema satu, dua, tiga, empat, Mjava atasema siji, loro, telu, papat. Mmalay wa Kuala Lumpur akiketi katikati ya wazee wa Kijava atadaka neno hapa na pale, na mazungumzo yatampita.

Kinachomshinda zaidi ni ngazi za heshima. Sisi heshima tunaiweka kwenye shikamoo, kwenye "mzee" na "bibi", na kitenzi hakiguswi. Kijava hubadilisha kitenzi chenyewe. Kulala kuna maneno matatu: turu kwa rafiki au mdogo wako, tilem unapojisemea wewe mbele ya mkubwa, na sare kwa huyo mkubwa. Basi baba amelala ni "Bapak sampun sare", na mimi nataka kulala ni "Kula badhe tilem". Kosa la kila anayejifunza ni kusema "Kula badhe sare". Anadhani ameongeza adabu kwa kuchagua neno la juu, kumbe amejipandisha mwenyewe mbele ya mzee wake. Kitenzi cha kula chakula nacho ni hivyohivyo: mangan, nedha, dhahar. Kimalay kina maneno ya ikulu, kama beradu kwa usingizi wa mfalme, lakini hayo hubaki ikulu. Kwa Mjava ngazi hizi ziko mezani kila asubuhi.

Ndiyo maana naliona tukio la 28 Oktoba 1928 kuwa kubwa sana. Siku hiyo vijana wa makabila mbalimbali walikula kiapo mjini Batavia, Jakarta ya leo, kwamba lugha yao ya umoja ni Kiindonesia, yaani Kimalay kilichopewa jina jipya. Wajava walikuwa wengi kuliko kabila lolote na wangeweza kudai lugha yao. Ila Kimalay kilikuwa tayari lugha ya bandari na soko visiwa vyote, na mtu angeweza kumhutubia mwenzake bila kwanza kupima nani yuko juu ya nani. Msomaji wa Tanzania hahitaji kuelezewa zaidi kwa nini lugha ya pwani hukubaliwa na wa bara.

Mipaka hii imeanza kale. Mtawa wa Kichina Yijing alipita Melayu, ufalme wa huko Jambi, katika safari aliyoianza 671. Mwaka 1286 Kertanegara, mfalme wa Singhasari huko Java, alipeleka sanamu Sumatra, na maandishi yaliyochongwa kwenye jiwe lake yanasema imetoka nchi ya Jawa kwenda Suwarnabhumi, jina la kale la Sumatra, na yanawataja watu wa nchi ya Malayu walioipokea. Nchi mbili, majina mawili, kwenye jiwe moja. Hata hivyo kwenye hekalu la Sewu, katikati ya Java, lipo andiko la 792 la Kimalay cha kale.

Turudi Johor, maana alama za Kijava huko ziko nje nje. Majina ya vijiji vingi vya pwani ya magharibi huanza na Parit, maana yake mfereji, kwa kuwa ardhi ilikuwa kinamasi ikabidi ikaushwe kwanza. Karibu na Muar uko mji uitwao Parit Jawa. Majina ya wazee nayo yanasema. Juma la soko la Kijava lina siku tano, Legi, Pahing, Pon, Wage na Kliwon, na Ponimin au Wagiman ni majina ya siku hizo, kama kwetu Hamisi na Mwanajuma. Mjukuu wa Ponimin ataitwa Muhammad, na anayefuatilia ukoo kwa majina peke yake atapoteza njia hapo. Mwangalie basi kwenye shughuli. Sinia moja la nasi ambeng kwa watu wanne au watano: wali mweupe chini, juu kuku wa mchuzi wa soya, tambi za kukaanga, tempe, ambayo ni soya iliyochachushwa, na nazi iliyokaangwa mpaka ikakauka. Kinachobaki hufungwa kupelekwa nyumbani na huitwa berkat, neno lilelile letu la baraka.

La mwisho ni la wanaosoma hati za zamani. "Jawi" ni Kimalay kwa herufi za Kiarabu. Kijava kwa herufi hizohizo huitwa Pegon, na mara nyingi hutiwa irabu. Waarabu waliwaita watu wote wa visiwa vile Jawi, hivyo mwanachuoni wa Makka aliyeandikwa "al-Jawi" anaweza kuwa wa Palembang ya Sumatra, Patani ya kusini mwa Thailand au Banten ya Java. Sri Lanka, Wasinhala huwaita Wamalay wa nchi yao kwa jina la Java. Cape Town waliitwa Wamalay hata watu wa Bengali na Makassar, kwa dini yao na kwa Kimalay walichoelewana nacho. Ukikuta jina lolote kati ya haya kwenye hati, andika pembeni mambo matatu kabla hujalitafsiri: nani aliliandika, mwaka gani, na upande upi wa bahari.