Kabla ya kununua pawa kondishena, pima soketi

Kijana mmoja anayepiga kibodi katika bendi ya Kondele, hapa Kisumu, alinipigia wiki jana. "Fundi, harusi za Desemba zinakaribia. Ninunue pawa kondishena?" Kibodi yake ameilipia kwa miezi mingi, na anaogopa stima isije ikaiunguza usiku mmoja tu. Hofu hiyo ninaielewa kabisa. Lakini nilimwambia asinunue bado.

Kondishena ya kawaida, ile bapa inayofungwa juu kwenye raki (fremu ya kubebea vyombo), hufanya kazi mbili. Ina chujio linalopunguza kelele za masafa ya juu zinazosafiri kwenye waya wa stima, na ina vipande vidogo vinavyomeza volti zinaporuka ghafla kwa muda mfupi mno, kama radi inapopiga karibu na laini. Zaidi ya hapo ni soketi nyingi zenye swichi moja, jambo ambalo ni zuri kwa kupanga vyombo. Lakini haipandishi volti zilizoshuka, wala haishushi zilizopanda. Zikiingia 190, zinatoka 190. Chombo cha kusawazisha volti ni stebilaiza, na hicho ni kizito zaidi na bei yake ni nyingine.

Stima yetu inatakiwa iwe volti 240, hezi 50. Hapa Kisumu na vijiji vinavyotuzunguka nimepima soketi saa mbili usiku, watu wote wakiwa wamewasha vyombo majumbani, nikakuta 195. Hapo amplifaya nzito ya zamani, yenye transfoma kubwa, inapoteza nguvu na besi inalegea. Vyombo vingi vya kisasa vinavyokubali volti 100 hadi 240 wala havijali. Soma nyuma ya chombo chako kabla ya kuogopa.

Kinachounguza kweli ni volti kupanda na kubaki juu. Tulikuwa kwenye harusi upande wa Ahero, jengo lenye stima ya fezi tatu, yaani nyaya tatu tofauti zinazoleta stima. Skrubu ya nyutro, waya wa kurudishia stima, kwenye boksi la stima ilikuwa imelegea. Nyutro ikikatika, fezi iliyobeba mzigo mkubwa inashuka na ile yenye mzigo mdogo inapanda, hata kukaribia volti 400. Spika zilikuwa kwenye fezi moja, kibodi na mikisa (chombo cha kuchanganyia sauti) kwenye nyingine. Tulianza kwa kusikia harufu. Kondishena ilikuwepo, tena ya bei. Vile vipande vya kumeza mruko vimetengenezwa kwa kishindo cha chini ya sekunde, si kwa volti 380 zinazokaa dakika nzima. Vilipasuka, na adapta ya kibodi ikafuata. Bwana arusi aliingia ukumbini kwa ngoma na makofi tu, na mpiga kibodi wetu alilia waziwazi. Sitaki kuona hivyo tena.

Ndiyo maana naanza na multimita, kipimo cha volti. Hata ile ya bei ndogo inatosha. Pima kati ya laini (waya unaoleta stima) na nyutro, halafu laini na waya wa ardhi, halafu nyutro na waya wa ardhi. Mbili za kwanza zinapaswa kukaribiana, na ya tatu iwe volti chache tu. Ikiwa nyutro na ardhi zinaonyesha makumi ya volti, usichomeke kitu; mwite fundi wa stima wa mwenye jengo. Rudia kupima spika zikiwa zimewashwa, kwa sababu ubovu mwingi huonekana mzigo ukiwepo.

Waya wa ardhi ndio unaoninyima usingizi. Nyumba nyingi zina tundu la tatu kwenye soketi ilhali nyuma yake hakuna kitu. Mwimbaji ameshika gitaa, midomo inagusa maikrofoni, anapigwa. Wengine wakisikia mvumo kwenye spika wanautoa waya wa ardhi ndani ya plagi, na kweli mvumo unanyamaza. Ndugu zangu, msifanye hivyo. Waya huo ndio unaokulinda chombo kikivuja. Mvumo wa namna ile mara nyingi hutokana na vyombo kuchomekwa sehemu mbalimbali; vilishe vyote kutoka sehemu moja, na kwa waya wa sauti wa kibodi tumia DI boksi, kiboksi kinachokaa kati ya kibodi na mikisa, yenye swichi ya kutenganisha ardhi ya sauti. Kondishena haitauondoa. Vilevile mlio wa gitaa lenye pikapu (kinasa sauti cha nyuzi) ya koili moja unanaswa hewani, haupiti kwenye soketi.

Baada ya mita, nunua ekstensheni nene. Ya mita 50 yenye waya wa milimita 1.5 za mraba hupoteza volti 12 hivi ukivuta ampea 10, ya 2.5 hupoteza 7 hivi. Kisha kile kilinzi ambacho watu hufunga kwenye friji, kinachokata volti zikizidi au zikipungua. Kinasubiri dakika kadhaa kabla ya kurudisha, kwa hiyo mikisa ya dijitali iwekee UPS ndogo (betri ya akiba) baada ya kilinzi hicho, isije ikajizima na kuanza upya katikati ya wimbo. Jenereta ya kukodi iache itulie, pima, ndipo uchomeke.

Kondishena inakuja baada ya hayo yote, ukishakuwa na raki inayosafiri kila wikendi. Na ukiletewa na jamaa kutoka Marekani, angalia kama imeandikwa 120V. Hiyo usiichomeke kabisa kwenye soketi zetu.

Ngurumo za alasiri zikianza, kuanzia hapa hadi Kakamega na Kisii, chomoa kila kitu, waya wa stima na wa sauti pia. Radi ikipiga moja kwa moja, hakuna chombo cha raki kitakachoizuia. Yule kijana wa Kondele amenunua mita. Jumamosi tunaenda naye kupima ukumbi wa harusi yake ya kwanza.